Maisha ya Dakta Joseph Black, Aliyeifungua Hewa Katika Chokaa

Mhariri ameniomba nitoe habari za mtu mmoja maarufu wa zamani kwa ajili ya gazeti letu la muhula huu. Nadhani wasomaji wengi watatazamia habari za mfalme, au jemadari, au mtu aliyevuka bahari na majangwa. Mimi nimemchagua daktari mpole wa Uskoti ambaye hakupigana vita wala hakusafiri mbali, na ambaye silaha yake kubwa ilikuwa mizani. Jina lake ni Joseph Black. Yeye ndiye aliyeonyesha kwa vipimo kwamba hewa ya ukaa ni kitu mbali na hewa ya kawaida tunayoivuta.

Nina sababu mbili za kumchagua. Kwanza, hewa hiyo imo katika kila pumzi tunayoitoa, katika kila jiko la mkaa mjini Shinyanga, na katika moshi wa kila lori liendalo Geita. Pili, hewa hiyohiyo sasa inayabadilisha maji ya bahari, na atakaye kuelewa mabadiliko hayo hana budi kuanza pale alipoanzia Black, yaani kwenye kipande cha chokaa. Sisi wa bara tuko mbali sana na pwani, lakini nataraji kuonyesha kwamba jambo hili linatuhusu nasi pia.

Joseph Black alizaliwa tarehe 16 Aprili 1728 katika mji wa Bordeaux, Ufaransa. Baba yake, John Black, alikuwa mzaliwa wa Belfast huko Ayalandi, mwenye asili ya Uskoti, naye alikaa Bordeaux akifanya biashara ya mvinyo. Mama yake pia alitoka katika jamaa ya Kiskoti. Watoto wao walikuwa wengi, na yasemekana kwamba mama mwenyewe ndiye aliyewafundisha kusoma Kiingereza, maana walikuwa wakikulia katika nchi ya lugha nyingine. Wazazi wanaosoma gazeti hili wataona kwamba elimu ya mtu mkubwa mara nyingi huanzia nyumbani, kabla ya mwalimu wa shule kumwona.

Alipokuwa na umri wa miaka 12 alipelekwa Belfast kusoma. Baadaye akaingia Chuo Kikuu cha Glasgow. Baba yake alimtaka achague kazi ya kumpatia riziki, naye akachagua udaktari. Hapo ndipo alipokutana na mwalimu aliyeibadilisha njia ya maisha yake, Dakta William Cullen, aliyekuwa ameanza kufundisha kemia chuoni hapo mwaka 1747. Siku zile kemia ilihesabiwa kuwa ni kazi ya wauza dawa na watengeneza rangi tu. Cullen aliifundisha kama elimu kamili yenye kanuni zake. Alimfanya Black kuwa msaidizi wake katika chumba cha majaribio, na kijana yule alijifunza huko kushika chupa, kuwasha tanuri na, zaidi ya yote, kupima.

Mwaka 1752 Black alihamia Edinburgh ili amalize masomo yake ya udaktari. Wakati huo watu wengi walikuwa wakiteswa na ugonjwa wa vijiwe vya kibofu. Waganga walijaribu kuviyeyusha kwa maji ya chokaa, na palikuwa na ubishi mkubwa baina ya walimu wawili wa chuo. Mmoja alisema chokaa bora ni ile ya magamba ya chaza wa baharini yaliyochomwa. Mwingine alisema ni ile ya mawe ya nchi kavu. Black alitaka kuchunguza habari hiyo, lakini hakupenda kujitia kati ya wakubwa wake waliogombana. Basi akachukua kitu kingine cha jamii hiyo, unga mweupe uitwao magnesia, akaanza kuuchunguza polepole. Kwa njia hiyo ya adabu aliingia katika jambo kubwa kuliko ubishi wa walimu wake.

Hapa nawaomba wasomaji wanifuate kwa makini, maana ndicho kiini cha maisha yake. Watu wa zamani walijua kwamba jiwe la chokaa ni pole, mtu aweza kulishika mkononi asidhurike. Lakini likichomwa katika tanuri hugeuka kuwa chokaa kali inayounguza ngozi na kuchemka itiwapo maji. Ukali huo ulitoka wapi? Wataalamu walisema kwamba jiwe limekunywa kitu fulani cha moto ndani ya tanuri. Lilikuwa jibu lililoonekana lina akili, na watu waliliamini kwa muda mrefu.

Black hakuwabishia kwa maneno. Alipima vitu kabla ya kuvichoma, akavipima tena baada ya kuvichoma. Kama jiwe limekunywa kitu, uzito wake ungeongezeka. Kumbe ulipungua, tena ulipungua sana. Basi jiwe halikupata kitu katika moto, bali lilipoteza kitu. Kitu gani? Maji yalikuwa kidogo mno. Kilichobaki ni hewa. Ndani ya lile jiwe gumu ilikuwamo hewa imefungwa, na moto uliifungulia ikatoka.

Hakukomea hapo. Aliichukua ile chokaa kali akaichanganya na maji ya magadi yaliyo pole. Chokaa ikarudi kuwa unga pole kama chaki, na uzito wake ukarudi karibu sawasawa na ule wa mwanzo. Magadi nayo yakawa makali. Yaani ile hewa ilitoka katika magadi ikaingia katika chokaa. Mambo yote yalihesabika kwenye mizani, kama hesabu za mwenye duka mwaminifu: kilichotoka huku kimeonekana kule. Black aliiita hewa iliyofungwa. Alitoa habari hizo kwanza katika tasnifu yake ya udaktari mwaka 1754, kisha kwa ukamilifu zaidi katika maandishi yaliyochapishwa mwaka 1756.

Leo twaweza kutaja hesabu yake kwa usahihi. Kilo 100 za jiwe safi la chokaa zikichomwa hadi mwisho hutoa kilo 56 za chokaa kali na kilo 44 za hewa ya ukaa. Mwanafunzi aliyepita penye tanuri ya chokaa na kuona moshi tu, na ajue kwamba karibu nusu ya jiwe lenyewe inapaa juu bila kuonekana.

Mwaka huohuo wa 1756, akiwa na umri wa miaka 28, Black alirudi Glasgow kuwa mwalimu wa chuo kikuu. Aliendelea kuichunguza hewa yake. Aligundua kwamba huzima mshumaa kama vile umetumbukizwa majini, na kwamba kiumbe mdogo akiwekwa ndani yake hufa upesi. Tena aliona kwamba ndiyo hewa itokayo katika mkaa unaowaka, katika pombe inayochachuka, na katika pumzi za watu. Kipimo chake kilikuwa maji ya chokaa, ambayo hewa hiyo huyageuza kuwa meupe kama maziwa. Inasimuliwa kwamba katika majira ya baridi ya mwaka 1764 kuingia 1765 aliweka vitambaa vyenye magadi makali katika tundu la dari ya kanisa moja mjini Glasgow, ambamo watu zaidi ya 1,500 walikaa karibu saa kumi wakisali. Watu walipotawanyika, magadi yale yalikuwa yamenasa hewa ya ukaa ya pumzi zao na kugeuka pole.

Vijana wanaotoka sehemu za machimbo ya Geita, Kahama na kwingineko wanalo la kujifunza hapa. Hewa ya ukaa ni nzito kuliko hewa ya kawaida kwa kadiri ya mara moja na nusu, kwa hiyo hutuama chini, katika visima vikavu na mashimo marefu yasiyopitisha hewa. Haina rangi, na mtu hawezi kuiona. Wachimbaji wengi wamepoteza maisha kwa kushuka shimoni kumwokoa mwenzao aliyeanguka kwa kukosa hewa njema, bila kupuliza kwanza hewa safi ndani. Jambo alilolionyesha Black kwa mshumaa lingali linaua watu katika zama zetu.

Huko Glasgow Black alifanya kazi nyingine iliyompatia sifa. Aliona kwamba barafu ikiyeyuka hunywa joto jingi ingawa kipimajoto hakipandi, na vivyo hivyo maji yanapogeuka mvuke. Aliita joto hilo joto lililofichika. Katika chuo hichohicho alikuwapo fundi kijana wa vyombo vya kupimia, James Watt, aliyekuja mwaka 1757. Wakawa marafiki wa maisha. Watt alipopewa kielelezo cha mashine ya mvuke akitengeneze, alishangaa kuona mvuke mwingi ukipotea bure, na Black ndiye aliyemweleza habari ya joto lililofichika. Mwaka 1765 Watt alipata wazo la kuupoza mvuke katika chombo cha pembeni, na mwaka 1769 akapata hati ya uvumbuzi wake. Black alimkopesha fedha pia wakati wa shida.

Ni ajabu ya historia. Mtu aliyetufundisha kuitambua hewa ya ukaa alimsaidia kwa elimu na kwa fedha mtu ambaye mashine yake iliufungulia ulimwengu mlango wa kuchoma makaa ya mawe kwa wingi usiopata kuonekana. Simlaumu hata mmoja wao. Mashine zile zilileta reli, viwanda na nguo za bei nafuu, wala wakati huo hakuna aliyejua hewa ile itafika wapi.

Mwaka 1766 Black alirithi kiti cha Cullen cha kemia huko Edinburgh, akafundisha karibu miaka 30. Sifa yake kwa ualimu ilienea, na wanafunzi walimfuata kutoka nchi nyingi. Majaribio aliyafanya mbele yao kwa mikono yake, kwa utulivu, bila kumwaga tone. Alikuwa mwembamba, mwenye kifua kibovu, na mara nyingine alitema damu, kwa hiyo aliishi kwa kiasi katika kula na kufanya kazi. Hakuoa. Alipenda kupiga filimbi na kuimba. Rafiki zake walikuwa wakubwa wa zama zile: Adam Smith, mwandishi wa elimu ya uchumi, James Hutton, mchunguzi wa miamba, na David Hume, mwanafalsafa, ambaye Black alimtibu katika ugonjwa wake wa mwisho mwaka 1776. Kosa lililotajwa juu yake ni kwamba hakupenda kuchapisha. Mengi aliyoyajua yalibaki katika madaftari ya wanafunzi, na mihadhara yake ilitolewa kitabuni mwaka 1803, yeye akiwa amekwisha kufa.

Alifariki tarehe 6 Desemba 1799, umri wake miaka 71. Yasemekana alikuwa ameketi mezani, bakuli la maziwa limewekwa magotini mwake, na mkono wake umelishika. Mtumishi aliyeingia alidhani amelala. Roho yake ilikuwa imetoka bila maziwa kumwagika. Amezikwa Edinburgh.

Wengine waliendelea pale alipoachia. Mwaka 1767 Mwingereza Henry Cavendish alionyesha jambo ambalo ni la maana sana katika habari yetu: kwamba chokaa iliyotuama katika maji kama unga mweupe huyeyuka tena iwapo hewa ya ukaa itazidi. Na mwaka 1797, Black akingali hai, Smithson Tennant alichoma almasi akaona kwamba inageuka kuwa hewa ileile itokayo katika mkaa. Basi almasi ya Mwadui, iliyogunduliwa na Williamson mwaka 1940, na mkaa unaouzwa sokoni kwa debe ni kitu cha asili moja, na vyote viwili vikiungua hutoa hewa ya Joseph Black.

Jambo la Cavendish mimi huwaonyesha wanafunzi wangu kila mwaka, na mzazi yeyote aweza kuliona nyumbani. Chukua kijiko cha chokaa iliyozimwa, ukoroge katika maji safi, uache ituame, kisha umimine maji meupe ya juu, yaliyo angavu, katika gilasi. Pulizia ndani yake kwa mrija, lakini angalia usiyavute kinywani. Baada ya muda mfupi maji yatageuka kama maziwa, kwani pumzi yako imeungana na chokaa, na chaki imezaliwa. Wanafunzi wengi huacha hapo, wakidhani jaribio limekwisha. Mimi huwaambia waendelee kupuliza, tena wapokezane, maana inataka subira. Mwishowe maziwa yale huanza kupungua. Sehemu ya chaki imeyeyuka. Hewa iliyoijenga, ilipozidi, ndiyo iliyoibomoa.

Sasa tuitazame bahari. Gamba la chaza, la kombe na la konokono wa baharini, na nyumba za mawe zinazojengwa na matumbawe, vyote vimefanywa kwa kitu kilekile kilichomo katika chaki ile. Simbi ambazo misafara ililetea wazee wetu Wasukuma na Wanyamwezi, zikawa pambo na mali, ni magamba ya konokono wa bahari. Misikiti na majumba ya kale ya Kilwa Kisiwani, na nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar, vimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Vyote hivyo ni hewa iliyofungwa, kama Black alivyosema.

Wakati Black alipokuwa akipima chokaa yake, hewa ya dunia ilikuwa na sehemu 280 hivi za hewa ya ukaa katika kila sehemu milioni. Twajua hivyo kutokana na mapovu ya hewa ya kale yaliyohifadhiwa katika barafu ya Antaktika. Mwaka 1958, upimaji wa kila siku ulipoanza juu ya mlima Mauna Loa huko Hawaii, sehemu hizo zilikuwa 315 hivi. Leo zimepita 420. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki kimejazwa na makaa ya mawe, mafuta, saruji na misitu iliyochomwa.

Hewa hiyo haibaki yote juu. Karibu robo ya ile tunayoitoa humezwa na bahari. Ni msaada mkubwa kwetu, kwa kuwa bila bahari joto la dunia lingezidi kuliko lilivyozidi. Lakini msaada huo una gharama yake. Hewa ya ukaa ikiingia katika maji huwa asidi dhaifu, ileile inayowasha ulimi katika soda. Wataalamu hupima nguvu ya asidi kwa kipimo kiitwacho pH, ambacho kikishuka huonyesha kwamba asidi imezidi. Maji ya juu ya bahari yalikuwa na pH ya 8.2 hivi kabla ya viwanda kuenea, na sasa ni 8.1 hivi. Mtu asidharau tofauti hiyo. Kila namba moja nzima ya pH ni badiliko la mara kumi, na kushuka huko kidogo maana yake ni kwamba chembe za asidi zimeongezeka kwa zaidi ya robo.

Bahari haijawa siki, wala haiko karibu kuwa siki. Shida iko kwingine. Chembe hizo za asidi huzishika zile chembe za kaboneti ambazo viumbe huzitumia kujengea magamba. Ni kama fundi anayejenga nyumba huku mtu akimpunguzia matofali. Fundi mwenye nguvu ataendelea, lakini kwa jasho zaidi na chakula zaidi. Fundi mchanga atashindwa. Ndiyo maana wanaodhurika mapema ni viumbe wachanga. Katika miaka ya 2000, pwani ya Oregon huko Marekani, vituo vya kuzalisha chaza viliona watoto wa chaza wakifa kwa wingi katika siku zao za kwanza. Upepo ulikuwa ukipandisha kutoka kilindini maji yenye hewa nyingi ya ukaa, na watoto wale hawakuweza kujenga gamba. Dawa iliyotumiwa ni kutia magadi katika maji ya matangi. Black angeifahamu dawa hiyo mara moja.

Wala haikuhitaji kwenda Oregon kuiona kanuni hiyo. Penye mitambo ya kuchenjulia dhahabu kwa sayanidi huko Geita, mafundi hutia chokaa katika maji ili pH ibaki juu ya 10, kwa kuwa ikishuka hutoka hewa ya sumu inayoua. Hawawezi kuitia mara moja wakasahau. Sababu mojawapo ni kwamba hewa ya ukaa iliyomo angani huingia katika maji polepole na kuila ile chokaa. Tangi la Geita na bahari ya Hindi zinaifuata kanuni moja. Tofauti ni kwamba tangi lina mlinzi mwenye gunia la chokaa, na bahari haina.

Mwanafunzi mmoja mwerevu aliniuliza kwa nini tusimwage chokaa baharini. Nilimrudisha kwenye mizani ya Black. Kila kilo 56 za chokaa hiyo zimekwisha kutoa kilo 44 za hewa ya ukaa zilipochomwa, na kuni au makaa ya tanuri yametoa zaidi. Faida hupungua sana kabla ya gunia la kwanza kufika pwani, na bahari ni kubwa mno.

Katika pwani yetu matumbawe huwatunza samaki wanaolisha vijiji vingi, na huvunja nguvu za mawimbi yasile ufuo. Yana maadui wengine pia. Joto la maji liliyapausha na kuyaua kwa wingi mwaka 1998, na likarudi mwaka 2016. Watu nao waliyavunja ili kuchoma chokaa, hasa sehemu za Mafia na Mtwara. Mgonjwa mwenye maradhi mawili hahitaji la tatu.

Lakini kuna habari njema pia, na imepatikana hapahapa nchini. Katika Ghuba ya Chwaka, Unguja, wataalamu, akiwamo mwanasayansi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walipima maji yaliyomo katika nyasi za bahari, wakatoa matokeo mwaka 2009. Mchana, nyasi zile hunywa hewa ya ukaa kwa msaada wa jua, kama yafanyavyo majani ya mahindi. pH ya maji hupanda, na mwani wenye chokaa unaoota kati yake hujijenga upesi zaidi. Basi mwenye kuzitunza nyasi za bahari huwatunza na majirani zake wenye magamba.

Na sisi wa Shinyanga? Sisi tunayo ngitili. Miti yetu ilikatwa kwa miaka mingi, kwa ajili ya kufukuza mbung'o na kupanua mashamba ya pamba, hata nchi ikawa kame. Toka mwaka 1986 hadi 2004 mpango wa HASHI ulirudi kwenye desturi ya wazee ya kufunga malisho, na zaidi ya hekta 300,000 za ngitili zikarudishwa. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipewa tuzo ya Umoja wa Mataifa. Wengi husema ngitili ni kwa ajili ya ng'ombe, kuni na mvua. Ni kweli. Lakini kila mti unaokua humo unafunga tena ile hewa aliyoifungua Black, na hewa isiyopaa kutoka Shinyanga haitafika kwenye chaza wa Mafia. Upepo hauna mipaka ya mkoa.

Sitawadanganya kwamba ngitili zetu zitaiponya bahari. Walioijaza hewa ya ukaa zaidi ni mataifa makubwa ya viwanda, na kwao ndiko kazi kubwa iliko. Lakini atakayewaambia hivyo kwa namba, katika mikutano ya dunia, lazima awe mtu aliyejifunza kupima. Iko Taasisi ya Sayansi za Bahari huko Zanzibar, chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Sioni kwa nini kijana wa Kisukuma ambaye hajapata kuiona bahari asiende kusoma huko.

Dakta Black hakuwa mwenye nguvu, na mwili wake ulikuwa dhaifu. Alikataa tu kuamini jibu zuri kabla ya kulipima. Wanafunzi wangu, mkiingia katika chumba cha majaribio muhula ujao, pimeni kabla, pimeni baada, na msiache kupuliza pale maji yanapokuwa meupe.